Kigingi Namba 214

Ndyamukama hakuwa na cheti cha kuendesha mitambo. Hakuwa na Kiingereza. Hakuwa na mjomba ofisini wala shemeji wilayani. Hakuwa na buti za kampuni, kwa kuwa zililetwa jozi kumi na moja na yeye kwenye foleni alikuwa wa kumi na mbili. Hakuwa na saa, maana ile aliyorudi nayo kutoka vitani ilikwenda kwa seremala aliyechonga jeneza la mdogo wake. Hakuwa na miwani, na herufi ndogo zilikwisha kuanza kumkimbia. Na tangu Jumanne ya wiki ile, Oktoba mwaka 1988, hakuwa tena na kiti cha greda alichokikalia miaka kumi.

Badala ya kiti alipewa kitambaa chekundu kwenye fimbo. Alitakiwa asimame pale Kagoma, mahali barabara ya kwenda Muleba ilipofinywa ikawa ya gari moja, asimamishe magari. Kazi hiyo hupewa vibarua wa siku ya kwanza. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mzee wa usharika wa Kilutheri, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka hapo aliposimamishwa kama mwiko uliochomekwa kwenye chungu.

"Shikamoo, Ta Ndyamukama," walimu wa shule ya msingi walimwamkia wakipita na baiskeli, kisha wakatazama migomba upesi, kana kwamba migomba ilikuwa imewaita.

Mama mmoja hakutazama migomba. Huyo alikuwa Minza, Msukuma mchuuzi wa samaki wa visiwani, aliyekaa juu ya magunia ya dagaa kwenye lori.

"Baba, wamekupandisha cheo? Zamani ulikuwa unasukuma udongo tu, leo unasimamisha mpaka Wasukuma."

"Shuka ushike wewe, mama, nikapumzike."

"Mimi nina samaki. Samaki hawangoji kitambaa."

Waliokuwa juu ya lori wakacheka. Ndyamukama naye akacheka kidogo, akainua fimbo, lori likapita. Vumbi lilipotulia aliona tena kile alichokuwa akikwepa kukitazama tangu asubuhi: bomba la maji la kijiji limepasuka, na wanawake wenye ndoo wakishuka bondeni kwenda kuchota kijitoni. Kila aliyepita alimsalimu kwa heshima zote. Afadhali wangemtukana.

* * *

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni ya barabara ilileta greda jipya ambalo kisu chake hujipima chenyewe. Kisu ni kile chuma kirefu kilicho chini ya tumbo la greda, kinachokwangua udongo. Kwenye greda la zamani, dereva ndiye aliyekiinua na kukishusha kwa vishikio viwili, na kina cha kukwangua alikijua kwa mgongo, kwa nyayo na kwa sauti ya injini. Kwenye greda jipya ilikuwa habari nyingine. Kando ya barabara vilichomekwa vigingi, kimoja kila hatua kumi, na waya ukafungwa kwenye alama nyekundu ya kila kigingi. Mkono mwembamba wa chuma ulitokeza ubavuni mwa kisu ukateleza juu ya waya ule. Waya ukipanda, kisu kinapanda. Waya ukishuka, kisu kinashuka. Dereva alibakiwa na usukani na mwendo. Mbele yake palikuwa na kisanduku chenye taa ya kijani na swichi moja, na amri ilikuwa moja: swichi isiguswe.

Wafanyakazi walikiita kile kisanduku Karani. Karani habishani na barua, anafuata ilivyoandikwa.

Jumatatu saa nne asubuhi, kati ya kigingi namba 213 na namba 214, Ndyamukama alihisi kiti kikiinamia kushoto na injini ikikoroma kama mtu aliyeongezewa mzigo wa mwenzake. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Alitazama chini: changarawe imekwisha, unatoka udongo mbichi wenye unyevu. Akavuta pumzi moja, akaikumbuka amri. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu. Ndipo akazima swichi, akakiinua kisu kwa mikono yake. Maji yalikuwa yamekwisha kuruka.

* * *

"Ulizima otomatiki," alisema Josia, msimamizi wa kazi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye stashahada, na mfukoni mwa shati alichomeka kalamu tatu.

"Nilizima."

"Basi tumemaliza. Mashine ilikuwa inapima vizuri, wewe ukazima, bomba likakatika."

"Bomba lilikatika kwanza, ndipo nikazima."

"Shahidi wako nani?"

"Bomba lenyewe. Nilipozima niliinua kisu. Kisu kilichoko juu kinakataje bomba lililoko chini?"

Josia alisukuma karatasi juu ya meza. "Soma. Au nikusomee?"

"Najua kusoma."

Ndyamukama aliisogeza karatasi mbali na uso mpaka mkono ukanyooka wote.

"Ungekuwa na mkono mrefu zaidi ungesomea nje," alisema Josia.

Mzee aliendelea kusoma, midomo ikichezacheza. Karatasi ilisema kwamba yeye, kwa kutojua na kwa ukaidi, alizima kifaa cha kupima kina na kusababisha hasara kwa kampuni na kwa kijiji. Chini palikuwa na mstari mtupu wa saini.

"Ukisaini, unabaki na kitambaa, kwa mshahara wa kibarua, na hakuna atakayekusumbua. Usiposaini, wiki ijayo usije. Na nitaandika kwamba hufai mtambo wowote, hata wa kukoboa kahawa."

"Na greda?"

"Datius ataendesha. Dereva wa lori anatosha kabisa. Siku hizi kisu kina akili yake, mzee. Hakihitaji mtu aliyejifunzia vitani."

"Kutoka Kyaka mpaka Mutukula tulifukia mashimo ya mabomu, na magari ya majeruhi yakapita nyuma yetu saa ile ile. Hapakuwa na waya."

"Ile ilikuwa vita. Hii ni barabara."

Ndyamukama aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni bila kuitia saini, akarudi kwenye kitambaa chake. Palibaki saa tatu za kazi, naye alisimama saa zote hizo.

* * *

Alistidia, mkewe, alikuwa akimenya ndizi. Katika nyumba ile walikula watoto saba, wanne wao wenyewe na watatu wa marehemu mdogo wa mumewe, kwa hiyo alimenya mkungu mzima bila kupumzika na bila kuinua macho.

"Saini," alisema alipokwisha kusikia yote. "Jina haliliwi na maharage."

"Nisaini kwamba mimi ni mkaidi?"

"Hilo ni kweli. Mimi nitasaini kama shahidi."

Ndyamukama alicheka bila kutaka. Alistidia hakucheka. Alikata ncha ya ndizi, akaitupa.

"Baba Kezia, nakuuliza mara moja. Ulilikata wewe?"

"Nilichelewa pumzi tatu. Hizo ni zangu, sizikani. Lakini kisu kilishuka kwa sababu waya ulishuka, na waya sikuushusha mimi."

"Ulijuaje umeshuka?"

"Kwa mgongo."

"Josia hawezi kusoma mgongo wako." Aliweka kisu chini, akajifuta utomvu mikononi. "Yule fundi aliyejenga msingi wa kanisa alipima kwa nini? Sikumwona na mashine."

"Kwa mpira wa maji."

"Kauazime."

* * *

Jumapili baada ya ibada, wakiwa bado na nguo za kanisani, mume na mke waliinama kando ya barabara wakishika ncha mbili za mpira mweupe uliojaa maji. Kipimo hicho mafundi wote wa Kagera wanakijua: maji husimama usawa kwenye ncha zote mbili, uwe kilimani au bondeni. Wapita njia waliuliza kama mzee ameacha greda ameanza kumwagilia lami ambayo haijamwagwa. Alistidia aliwajibu kwamba ndiyo, na itaota Krismasi.

Kigingi namba 210 kilikuwa sawa. Namba 211, 212 na 213 kila kimoja kilipanda vidole viwili, kama mwinuko wa barabara ulivyotaka. Kwenye namba 214 maji yalisimama juu sana ya alama nyekundu. Ndyamukama alipima kwa rula ya shule ya binti yao Kezia, na rula ikaisha kabla ya kipimo. Alirudia mara tatu. Sentimita thelathini na mbili.

"Waliokichomeka walikuwa wamekunywa?" aliuliza Alistidia.

"Mnatafuta nini kwenye kigingi changu?"

Aliyeuliza alisimama ukingoni mwa kibanja, shamba la migomba la nyumbani kwake, kanga nyeusi kiunoni. Alikuwa Jovitha, mjane wa Mujuni. Mujuni alifariki Agosti kwa ugonjwa ule mpya wa kukonda ambao watu, wasipotaka kuutaja, waliuita Juliana, akazikwa kibanjani kwake kama wazee wake, upande wa barabarani kwa sababu upande wa ndani ulikwisha kujaa. Tangu mazishi, majirani walimsalimu Jovitha wakiwa barabarani.

"Chako kivipi, Ma Jovitha?"

"Nilikihamisha mimi. Walikuja siku ya tatu ya msiba, sisi tumekaa ndani kwenye nyasi za wafiwa, wakakichomeka kichwani pa Mujuni. Hodi hawakupiga. Nilikiacha mpaka matanga yakaisha, nisije nikafanya kazi ya mikono katika msiba. Halafu nikakitoa, nikakisogeza hatua moja kuelekea barabarani. Lakini sikukiharibu. Nilipima."

"Ulipima?"

Jovitha aliingia ndani, akarudi na tete lililokatwa vizuri, lina alama ya kisu katikati. "Huku chini udongo. Hapa ile rangi nyekundu. Kabla sijakitoa nilipima, na nilipokichomeka nilikipigilia mpaka kikafika hapa hapa. Mimi si mtu wa kuharibu kazi ya watu."

Akaliweka tete kando ya kigingi. Alama ikalala juu ya alama, bila tofauti hata ya unywele.

Ndyamukama alilitazama tete, akatazama ardhi. Kigingi kilikuwa kimesimama ndani ya mfereji wa zamani uliofunikwa na nyasi.

"Umepima vizuri kuliko wengi, waitu, mama," alisema kwa upole. "Urefu wa kigingi ni ule ule. Ila ardhi ya hapa iko chini. Umemsimamisha mtu mrefu shimoni."

Jovitha alitazama bondeni. Kule chini, wanawake wawili walikuwa wanapanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani, nguo zao za kanisani zimelowa mabega.

"Basi maji ya kijiji nimeyakata mimi."

"Wewe ulihamisha kigingi. Waya ulifungwa wiki mbili baadaye. Na kila asubuhi, kabla greda halijawashwa, msimamizi anatakiwa aupime waya wote kwa darubini yake ya miguu mitatu. Mashine haina macho. Macho ni yeye."

"Naye hakupima," alisema Alistidia.

"Ile darubini sijaiona ikitoka sandukuni tangu tupite Kemondo."

* * *

Jumatatu Ndyamukama aliweka vipimo vyake mezani kwa Josia. Josia alivisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Kisha uso wake ukakunjuka.

"Kumbe ni yule mjane. Mbona hukusema mapema? Basi huna kosa, mzee wangu. Andika hapa kwamba umethibitisha Jovitha alihamisha kigingi cha serikali. Kijiji kitamdai bomba. Akishindwa, kibanja kipo."

"Kibanja kina kaburi."

"Kaburi halikatazi kuuza. Kesho unarudi kwenye kiti chako. Na hizi hapa." Aliingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa buti mpya, kamba bado zimefungwa pamoja.

Tusidanganyane: Ndyamukama alikitaka kiti kile. Alikitaka kama mtu mwenye kiu. Alizitazama buti kwa muda, na kwa jicho tu alijua kwamba zinamtosha.

"Na darubini?" aliuliza.

"Darubini gani?"

"Ya kupima waya kila asubuhi. Ilitoka sandukuni lini?"

"Usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nauliza siku."

Datius, dereva wa lori, alikuwa mlangoni akisubiri funguo za greda. Aliinamisha kichwa akavitazama viatu vyake kwa bidii.

"Una mpaka jioni," alisema Josia, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Chagua. Ni yeye au ni wewe."

"Tuko watatu. Umejisahau."

Ndyamukama alikilaza kitambaa chekundu juu ya meza, fimbo na yote, akatoka.

Nusu saa baadaye Datius alitumwa na nyundo akang'oe kigingi namba 214. Alimkuta Alistidia ameketi kando yake, mguu mmoja umekizunguka, akisuka ukili.

"Shikamoo, mama. Nimeagizwa kukitoa."

"Marahaba. Kitoe. Anza na mguu."

Datius aliuliza kama maji bado hayajatoka, akaambiwa hayajatoka. Alirudi kambini akamwambia Josia kwamba kigingi hicho hakukiona.

* * *

Kuandika Ndyamukama alijifunza akiwa na miaka thelathini, katika madarasa ya watu wazima, kwenye mabenchi ya kanisa baada ya kazi. Aliandika kama alivyofundishwa, herufi zikisimama wima bila kuegemeana. Alasiri ile aliketi uani kwake na kalamu ya Kezia, na Jovitha akaketi mkabala naye.

"Naweza kuandika 'mtu mmoja wa kijiji'," alisema Ndyamukama. "Jina lisitajwe."

"Taja."

"Wakikudai bomba?"

"Wanidai. Tangu Agosti hakuna aliyekunywa maji kwangu, hata yalipokuwa yanatoka. Wataniongezea nini? Taja jina, na kwa wino, si kwa penseli. Na uandike kwamba hawakupiga hodi."

Barua ilikwenda kwa Mhandisi wa Mkoa, Bukoba. Ndyamukama aliandika vipimo vya vigingi vyote vitano, kisha akaandika hivi:

*Mimi Ndyamukama, mwendesha greda, nakiri kosa langu. Nilihisi kisu kinazama, nikangoja pumzi tatu kwa sababu niliagizwa nisiguse swichi. Ningetii mgongo wangu, bomba lingepona.*

*Mimi Jovitha, mjane wa Mujuni, nakiri langu. Nilihamisha kigingi kilichochomekwa juu ya kaburi la mume wangu bila hodi. Kwa maji ya watu naomba radhi. Kwa kukihamisha siombi.*

*Tumekiri wawili. Tunaomba na wa tatu aulizwe: waya ulipimwa lini? Hatuombi utuamini. Tunaomba uje na darubini yako upime mwenyewe. Mke wangu anakilinda kigingi. Tunaomba pia kwamba kabla ya kuchomeka kigingi kwenye kibanja cha mtu, mwenye kibanja aulizwe wamelala wapi watu wake. Karatasi ya kukiri niliyopewa naiambatanisha. Haina saini yangu na haitakuwa nayo.*

Aliisoma kwa sauti. Jovitha alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu, akaandika jina lake mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa.

* * *

Walifika posta ya Muleba kesho yake saa tano, baada ya kupata lifti ya lori la matofali. Kwenye kaunta alikaa Immakulata, binti wa Kagoma, aliyejua habari zote za Kagoma na kuzifikisha Muleba kabla ya mabasi.

"Rejista," alisema Ndyamukama. "Nataka atakayeipokea asaini."

"Gundi ya kaunta imekwisha. Lamba mwenyewe."

Ndyamukama alijaribu, lakini mdomo wake ulikuwa mkavu kwa vumbi la njiani, na bahasha ikafunguka tena. Jovitha alinyoosha mkono akaichukua. Aliilamba kutoka ncha moja mpaka nyingine, bila haraka, akaikandamiza kwenye ubao wa kaunta. Mikono ya Immakulata ilitoweka chini ya kaunta. Watu wawili waliokuwa nyuma kwenye foleni walirudi nyuma hatua moja, wakajifanya wanasoma tangazo ukutani.

Jovitha aliona. Aliigeuza bahasha, akaitazama.

"Pembe ya huku haikushika," alisema, asijue aiweke wapi.

Ndyamukama akaipokea. Akaifungua pembe ile, akailamba pale pale ulipopita ulimi wa Jovitha, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikalala. Kisha akaisukuma mbele ya Immakulata.

Immakulata alimtazama mzee, akamtazama mjane.

"Mtumaji?" aliuliza hatimaye.

"Ndyamukama, mwendesha greda, Kagoma."

"Na Jovitha," alisema Jovitha.

"Nafasi ni ya jina moja."

"Andika kwa herufi ndogo."

Immakulata alitoa mikono chini ya kaunta. Aliandika majina yote mawili, akagonga muhuri mara mbili, akairarua stakabadhi na kuwapa. Kisha akaichukua bahasha kwa kiganja kizima, akaitumbukiza kwenye mfuko wa Bukoba.